Mume wangu hucheka msimu wa korosho tu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi kijijini huku Newala. Nimeolewa mwaka wa kumi na nne sasa. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti, anamaliza darasa la saba mwezi ujao, na Januari, Mungu akijalia, anaingia kidato cha kwanza. Mume wangu ni mkulima. Tunalima muhogo na mbaazi za kula, lakini kinachotuweka mjini, ingawa tuko kijijini, ni mikorosho 140 aliyoachiwa na baba yake.

Shangazi, mume wangu halewi, na kama ana mwanamke nje basi anajua kuficha kuliko jasusi. Shida yangu ni nyingine. Nina waume wawili na wote wanavaa suruali moja.

Wa kwanza hurudi nyumbani mwezi wa kumi, minada ikianza. Huyo huokota korosho huku anaimba. Anaamka kabla ya adhana, anawatania watoto, ananiita kwa jina langu la usichana. Pesa zikiingia benki ananipakia kwenye pikipiki ya kaka yake, tunakwenda Newala mjini, ananinunulia doti mbili za khanga na kuniuliza nataka nini tena. Msimu uliopita tulipeleka ghalani kilo 1,150, na baada ya makato ikaingia milioni tatu na kitu. Tukanunua televisheni, na sabufa ambayo ikifunguliwa kuku wanahama. Desemba tukamcheza binti yetu unyago, watu wakala wakasaza. Mpaka leo ubwabwa ule unasemwa.

Wa pili huingia mwezi wa pili, pesa zikikata. Huyo haimbi. Anakaa chini ya mwembe kutwa nzima, ukimsalimia anaitikia kama anayekulipa deni. Watoto wakitoka shule wanapita nyuma ya nyumba kwa kunyata. Usiku nasikia kitanda kinalia, anageuka huku na huku mpaka jogoo la kwanza. Mwezi wa tano mdogo wetu aliuliza kwa nini chai haina sukari. Baba yake akakipiga kikombe kwa mkono, kikaenda kugonga mlango, chai ya moto ikanirukia mguuni. Hakusema neno. Kesho yake asubuhi nikamkuta uani amekipakata kile kikombe cha bati kilichobonyea, anajaribu kukinyoosha kwa jiwe.

Mwezi wa sita akaja mtu na pikipiki, mume wangu hayupo. Akanionyesha daftari la shule, lile lenye picha ya twiga. Ndani kuna majina ya wanakijiji, na jina la mume wangu limo: gunia nne, kila gunia shilingi 90,000, na dole gumba lake chini. Mume wangu anajua kusoma na kuandika, Shangazi, ila aliweka dole gumba. Kumbe mwezi wa pili aliuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, korosho ambayo hata ua ilikuwa haijatoa. Pesa yenyewe sikuiona ilivyoingia wala ilivyotoka. Sijamwambia kuwa najua.

Zamani hakuwa hivi. Ilianza 2018, mwaka ule minada ilisimama na malipo yakachelewa kutufikia, naye alikuwa amekopa ili tuezeke. Toka hapo kila mwaka ni hivyo hivyo.

Mama mkwe anasema mwanaume ndivyo alivyo, vumilia. Jirani anasema ametupiwa kitu na ndugu zake wanaoitaka ile mikorosho. Ustadhi ananihimiza subira. Rafiki yangu tuliye naye kwenye kikoba ananiambia nibebe wanangu nirudi kwetu Masasi. Mimi nauza vitumbua asubuhi, kikoba natoa 2,000 kila wiki, tunavunja Desemba. Sikosi kabisa. Lakini nimechoka kuishi na mtu kwa miezi minne na kumwogopa kwa miezi minane. Sasa mikorosho imeanza kutoa maua, naona kabisa uso wake unaanza kulainika, na badala ya kufurahi nakasirika. Kwani pesa ndiyo inayomfanya mtu kuwa mwema? Nimeolewa na mtu, au nimeolewa na msimu?

Mke wa Msimu, Newala


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ule mguu wako.

Umesema mkono ulipiga kikombe. Hukusema kama umewahi kukupiga wewe au watoto, na barua za wanawake nimezisoma miaka mingi, najua mahali wanaponyamaza. Kama umewahi kufika kwako, basi haya yote nitakayoandika hapa chini yasubiri. Nenda kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa jamii, na kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukata unaeleza mengi ila hauhalalishi kipigo. Wako wanaume wangapi hapo kijijini wenye madaftari ya twiga wasiomwagia mtu chai? Na kama haujafika, bado kumwagiwa chai ya moto si jambo la kupita hivi hivi. Atakuomba radhi kwa maneno. Kunyoosha kikombe kwa jiwe ni radhi aliyokiomba kikombe.

Ila kile kikombe kimenikalia kichwani wiki nzima, kwa sababu mtu huyo namfahamu. Nimelelewa naye.

Baba yangu alikuwa na mikorosho huko Nachingwea. Novemba alikuwa baba wa kusimuliwa: peremende mfukoni, mtoto mmoja huku, mwingine kule. Februari alikuwa anarudi nyumbani giza limeshaingia, na sisi watoto tulidhani anatuchukia. Mama alikuwa anakwenda porini kuchimba ming'oko, anachemsha sufuria zima, tunamenya na kula kwa chumvi. Baba alikuwa anakaa nje mpaka asikie tumelala, ndipo anaingia. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini nilipomuuliza mama kwa nini. Akanijibu kama kitu kinachojulikana na kila mtu: "Hakutaka kuwaona mkila ming'oko." Ni hivyo tu. Mtu mkali wa Februari alikuwa mtu mwenye aibu.

Kwa hiyo swali lako la kwamba pesa ndiyo inamfanya mtu kuwa mwema, mimi siwezi kulijibu kwa ule msemo wa kwamba pesa si furaha. Msemo huo husemwa zaidi na walioshiba. Lakini pia nisikudanganye kwamba milioni tatu nyingine ingewaponya, maana milioni tatu mlizipata, na Februari ikaja vile vile.

Utakuwa umesikia redioni, kila mwaka mwezi wa tatu, ile orodha ya nchi zenye furaha duniani. Mwaka 2017 Tanzania tuliwekwa nafasi ya 153 kati ya nchi 155, na watu wakacheka sana, wakasema hawa hawajaona harusi zetu. Lakini orodha ile haihesabu vicheko wala ngoma. Mtu anaulizwa swali moja: fikiria ngazi yenye vipandio kutoka sifuri hadi kumi, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kupita yote, wewe leo umesimama wapi? Ngazi hiyo ilibuniwa na Mmarekani, Hadley Cantril, miaka ya sitini. Naipenda kwa sababu inatenganisha vitu viwili ambavyo katika barua yako vimechanganyika. Mumeo Novemba anacheka, sawa. Lakini muulize huyo huyo Novemba yuko kipandio cha ngapi. Nadhani atakwambia cha tatu, sabufa ikiwa inapiga nyuma yake, kwa sababu anajua Februari inakuja na anajua ilivyomfanya mwaka jana.

Kuna utafiti mmoja ninaoutaja kila nikiandikiwa na watu wa mazao ya msimu. Ulitoka mwaka 2013, ulifanywa kwa wakulima wa miwa 464 kule Tamil Nadu, India. Wale nao hulipwa kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, baada ya kuvuna. Watafiti waliwapa mafumbo ya kupima akili kabla ya mavuno, wakati wanaweka vyombo rehani, kisha wakawapa tena baada ya kulipwa. Mkulima yule yule, kichwa kile kile, alifanya vizuri zaidi pesa ikiwa imeingia. Kabla ya hapo kichwa kilikuwa kimejaa hesabu: nani anadai, nani nimkwepe, unga umebaki kopo ngapi. Niseme ukweli wote: waliojaribu kitu kama hicho Marekani, kabla na baada ya siku ya mshahara, hawakuona tofauti hiyo ya akili. Ila mtu anayejua kwamba mshahara unakuja Ijumaa na mtu asiyejua bei ya Oktoba itakuwa ngapi hawako kwenye mtumbwi mmoja.

Na hapo ndipo mwaka wako wa 2018 unapoingia. Msimu wa 2017 kilo ya korosho iligusa 4,000 minadani. Watu waliezeka, wakaoa, wakakopa kwa kuamini kwamba mwaka unaofuata utakuwa kama huo au zaidi. Oktoba 2018 bei zikaja chini, wakulima wakazikataa, minada ikasimama. Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa 3,300 na jeshi likaingia kuibeba. Bei hiyo haikuwa mbaya. Kilichowaumiza watu ni kule kukaa hujui: utalipwa lini, utaambiwa nini, aliyekukopesha utamjibu vipi leo jioni. Mumeo alijifunza kitu mwaka ule, akajifunza vibaya. Alijifunza kwamba pesa iliyo mkononi leo, hata ikiwa kidogo, ni bora kuliko iliyo ghalani. Mtu wa kangomba anaishi kwa somo hilo.

Tupige hesabu. Gunia nne kwa 90,000 ni 360,000. Gunia moja la korosho tulipe kilo 80, basi nne ni kilo 320. Kwa bei ya 3,000 tu, ambayo minada ya Oktoba 2024 iliipita mbali, hiyo ni 960,000. Amepokea 360,000 Februari ili atoe 960,000 Oktoba. Hakuna benki yenye leseni itakayothubutu kuandika riba hiyo ukutani kwake. Na mumeo si mjinga, hesabu hii aliipiga siku ile ile, ndiyo maana aliweka dole gumba. Mtu anayejua kuandika akiweka dole gumba anajificha asijione. Kwa hiyo sasa maua yakitoka, wewe unaona Oktoba, na yeye kila akitembea shambani anakutana na miti ambayo si yake tena. Unasema uso wake unalainika. Mimi sina hakika. Huenda anajipendekeza kwako, maana anajua siku ya gunia nne inakaribia.

Nije kwenye sabufa, maana naona wasomaji wengine wameshaanza kumcheka. Msimcheke. Mtu aliyekaa miezi minane anakwepa njia ya dukani, anayeitikia salamu huku akitafuta pa kupitia, akipata pesa ananunua kwanza kile alichopungukiwa zaidi, na alichopungukiwa zaidi ni heshima. Heshima ya kijijini inasikika kwa masikio: sabufa, ngoma, pikipiki inayonguruma. Ubwabwa wa unyago unasemwa mpaka leo, umeandika mwenyewe, na nimeona kwamba hata wewe uliandika kwa fahari kidogo. Sikatazi unyago, mimi mwenyewe nilichezwa na nikalia. Lakini ule ubwabwa ndio uliokula sukari ya mwezi wa tano, na waliokula ubwabwa hakuna hata mmoja aliyeleta kilo ya sukari. Mkilielewa hilo wote wawili, bila kulaumiana, mtajua cha kupunguza mwakani.

Sasa mazungumzo. Mwambie kwamba unajua, na umwambie mwezi huu, kabla hata korosho moja haijaanguka. Usimwambie usiku, mtu asiyelala usimwongezee. Usimwambie mbele ya mama yake. Nendeni wote shambani siku ya kufagia chini ya mikorosho, mfanye kazi mpaka mtoe jasho, kisha ukae naye kivulini na umuulize swali moja tu: "Tumebakiwa na gunia ngapi?" Usiulize kwa nini alifanya, wala pesa ilikwenda wapi. Hilo atakwambia mwenyewe, labda siku ya tatu, na nadhani utakuta nusu yake ilikwenda kwenye deni la ule unyago. Neno la kushika hapo ni "tumebakiwa". Amebeba daftari lile peke yake miezi sita. Akikasirika na kuondoka, muache aondoke, endelea kufagia. Swali limeshaingia.

Akikubali kuzungumza, hatua ya pili ni yule bwana wa pikipiki. Kununua kwa kangomba kumepigwa marufuku, naye anajua, ndiyo maana kitabu chake ni daftari la shule na si stakabadhi. Mimi sishauri mumdhulumu aliyewapa pesa Februari, dhuluma haina baraka na kijiji ni kidogo. Lakini pia si lazima mumpe kilo 320. Mumeo aende na mtu mzima anayeheshimika, amwambie tutakurudishia pesa yako na nyongeza kidogo, taslimu, malipo ya kwanza ya ghalani yakiingia. Wengi hukubali, kwa sababu naye hataki mambo yake yafike mbele. Asipokubali, mtakuwa mmepoteza gunia nne mwaka huu. Zitauma, lakini mtazipoteza mkiwa wawili, na isiwepo ya tano.

Halafu Oktoba yenyewe. Nikupeleke Kenya kidogo, kule Rarieda, Siaya. Shirika la GiveDirectly liliwapa watu masikini pesa bila masharti, na watafiti wakafuatilia. Wengine walipewa yote kwa mkupuo, wengine kidogo kidogo kwa miezi tisa. Kwa ujumla, wote waliopokea walikula vizuri zaidi na roho zao zilitulia zaidi ya majirani ambao hawakupewa, kwa hiyo ndiyo, mwanangu, pesa ina mchango wake na anayebisha abishe na watu wa Siaya. Lakini kulikuwa na tofauti: wa mkupuo walinunua vitu vya kukaa, wa kila mwezi wakawa na uhakika zaidi wa chakula. Korosho ni mkupuo kwa asili yake. Inawapa mabati na sabufa bila shida, chakula cha Machi haiwapi mpaka nyinyi wenyewe muigeuze kuwa mshahara.

Kuigeuza si kazi ya akili nyingi, ni kazi ya siku tatu za kwanza. Huko Busia, pia Kenya, waligundua kwamba mkulima akipewa nafasi ya kulipia mbolea ya mwakani papo hapo anapovuna, na mbolea ikaletwa bila gharama ya usafiri, ananunua. Ukimngoja mpaka msimu wa kupanda, pesa haipo tena. Kwa hiyo siku pesa ikiingia benki, kabla ya doti za khanga (samahani, najua unazipenda), lipieni vitu vya miezi mibaya: mahindi ya kufika mwezi wa nne, sare na viatu vya binti, godoro kama atapangiwa bweni. Ada ya sekondari imeondolewa tangu 2016 lakini madaftari na viatu havijaondolewa. Kinachobaki kigaweni mara nane, Februari hadi Septemba, kikae kwenye akaunti ambayo mmoja wenu hawezi kuigusa bila mwenzake. Hata ikiwa 80,000 kwa mwezi. Mtu anayejua kwamba tarehe moja kuna 80,000 inamngoja hulala tofauti na mtu asiyejua. Na kama ardhi yenu inakubali, jaribuni ekari moja ya ufuta. Pesa yake huja karibu na Juni, wakati wa korosho hakuna hata harufu.

Sasa nikugombeze na wewe kidogo. Kikoba chenu mnakivunja Desemba? Newala? Desemba ambayo pesa ya korosho inazagaa mpaka watoto wananunua soda? Mnakusanya 2,000 kwa jasho la vitumbua mwaka mzima ili mzimwage mahali ambapo tayari kumelowa! Najua mmefuata desturi, vikoba vingi nchini huvunjwa mwisho wa mwaka kwa ajili ya sikukuu. Lakini desturi hiyo ilitengenezwa na watu wa mshahara. Kaa na wenzako, akiwemo huyo rafiki anayekupeleka Masasi, mpige kura kukivunja mwisho wa Februari. Hiyo 104,000 yako ya mwaka, na faida juu, ikiingia Februari inaweza kumzuia mumeo kufungua lile daftari la twiga mwakani. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo unaloweza kulianza bila ruhusa ya mtu.

Jambo moja la pembeni ambalo si dogo. Kutolala miezi, kukaa kutwa bila kusema, kukasirishwa na sukari: hiyo inaweza kuwa ni dhiki tu, na inaweza kuwa ni sonona, ambayo ni ugonjwa na una tiba. Kama amewahi kusema bora afe, au anaanza kugawa vitu vyake, usingoje Oktoba, mpeleke hospitali ya wilaya na umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Wakikuuliza anaumwa nini, sema hapati usingizi. Wanaume hukubali kupelekwa hospitali kwa kutolala kuliko kwa huzuni.

Jirani yako anayesema ametupiwa kitu mwambie ahsante na uendelee na vitumbua. Mama mkwe muulize, mkiwa wawili tu, baba mkwe alikuwaje mwezi wa pili. Nina hamu sana ya jibu lake.

Na kuhusu kurudi Masasi: mlango huo uache wazi, sitakufungia. Ila umeniandikia kwamba unakasirika kuona uso wake unalainika, na mke aliyekwisha kuondoka moyoni hakasiriki, anafunga mizigo. Bado unamdai yule wa Novemba miezi minane. Mdai.

Niandikie tena mwezi wa tatu. Nataka kusikia gunia ngapi zilifika ghalani, kikoba mlikivunja lini, na kama binti amepata viatu vinavyomtosha.